Kikao cha Kila Juma: Vyama vya Kuhudumiana na Safari ya Kutoka Kurasini hadi Chamazi



Katika juma la jubilei husemwa mengi juu ya majengo. Kitabu cha ukumbusho huweka picha ya jiwe la msingi, ya kengele, ya paa la kwanza la makuti na ya paa la bati lililofuata. Huwekwa pia picha za wenyeviti, wamekaa mstari wa mbele na mikono magotini. Katibu aliyeandika muhtasari kwa miaka ishirini mara nyingi husimama nyuma, nusu ya uso wake imefichwa na kofia ya mtu mwingine. Na daftari lake halipigwi picha kabisa. Mazungumzo haya yanahusu daftari hilo, na watu wanaokutana kulijaza: vile vikundi vidogo vya watu kumi na watano, thelathini au hamsini, ambao hukutana siku ile ile na saa ile ile kila juma, na ambao kazi yao ni kusaidiana wao kwa wao na kulisaidia eneo wanamoishi.

Mfano utakaotazamwa kwa kirefu upo hapa hapa Chamazi, katika Wilaya ya Temeke. Watu wengi hupita karibu nao wakielekea uwanjani kutazama mpira, wasijue ya kuwa wamepita karibu na mojawapo ya mambo yaliyoandikwa sana na wataalamu wa miji katika nchi yetu.

Ni vema kuanza na kikao chenyewe. Aliyewahi kuhudhuria kikao kimoja cha kikundi cha akiba atavitambua vyote. Mwenyekiti hufungua. Katibu huita majina, na aliyechelewa hulipa faini, hata akiwa ni mwenyekiti mwenyewe. Muhtasari uliopita husomwa, nao huzua ubishi, kwa maana kila mtu hukumbuka vizuri zaidi lile alilolisema yeye. Kisha akiba hutolewa mezani, mtu mmoja baada ya mwingine, na kila kiasi hutajwa kwa sauti ili wote wasikie. Mweka hazina huandika katika daftari kubwa, na mwenye fedha huandikiwa katika kijitabu chake. Baada ya hapo yanakuja maombi ya mikopo, nayo hujadiliwa mbele ya mwombaji, jambo ambalo si rahisi kwa mtu yeyote mwenye haya. Mwisho kabisa huja kipengele kiitwacho Mengineyo.

Mtu asiyezoea vikao hudhani kwamba Mengineyo ni mabaki tu. La hasha. Ni katika Mengineyo ndipo mama mmoja husimama na kusema kwamba mtaro wa nyuma ya nyumba ya fulani umeziba na watoto wanacheza katika maji machafu. Kwamba bibi fulani hajaonekana siku tatu. Kwamba kijana wa jirani amefaulu na hana sare. Fedha ni sababu ya watu kufika kila juma. Lakini kwa kuwa wamefika, hupatikana mahali pa kuyasemea mambo ambayo hayana ofisi. Vyama vingi vya huduma duniani vimezaliwa hivyo, na kila kimoja kimekuwa na Mengineyo yake, hata kama hakukiita kwa jina hilo.

Jambo hili si geni katika pwani hii. Tangu enzi za Wajerumani na kisha Waingereza, wenyeji wa Dar es Salaam walikuwa na vyama vya ngoma ya beni, vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na viongozi wa kuchaguliwa. Wengi waliokuwa wakitazama kwa mbali waliona tarumbeta na magwaride tu, na wamisionari wengi walizitazama ngoma hizo kwa mashaka. Lakini ndani yake walikuwamo watu waliokuwa wageni mjini, waliohitaji mtu wa kuwauguza wakiugua na wa kuwazika wakifa mbali na kwao. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo leo viko karibu katika kila mtaa wa Temeke, hufanya kazi hiyo hiyo bila tarumbeta. Upatu wa akina mama nao una umri mrefu kuliko benki yoyote iliyopo Mbagala.

Tena si geni kwa Walutheri, ingawa sharika nyingi hazifundishwi habari hii. Mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig huko Saxony, waumini waliandika utaratibu wa hazina ya pamoja, na Martin Luther aliuandikia dibaji. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa wakuu, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa kawaida wa mji na watatu wakulima wa vijijini. Walitakiwa kukutana kila Jumapili. Sanduku la fedha liliwekwa kufuli nne tofauti, na kila kundi katika hayo manne lilishika ufunguo wake, hata ikawa wakuu hawawezi kulifungua bila mkulima kuwapo. Humo zilitoka fedha za mchungaji na za shule, za wazee wasiojiweza, za yatima, na mikopo kwa mafundi waliokosa mtaji wa kuendesha kazi zao. Hesabu zilipaswa kusomwa mbele ya mkutano wote.

Wengi wa akina mama waliopo hapa watakuwa wamekwisha kutabasamu, kwa sababu sanduku hilo wanalijua. La kwao lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Utaratibu huo haukutoka Leisnig. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna ya VICOBA vina asili yake katika kazi iliyoanza nchini Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuboresha upatu wao wenyewe. Ila watu wasio na mahali salama pa kuweka fedha, na wasio na sababu ya kumwamini mtu mmoja peke yake, wamefikia jibu lile lile mara mbili, katika mabara mawili, kwa tofauti ya miaka mia nne na zaidi. Na ukweli wote usemwe: hazina ya Leisnig ilipata shida mapema, maana baraza la mji lilikataa kukabidhi mali zilizopaswa kuingia humo. Utaratibu ulikuwa mzuri; wenye nguvu hawakuutaka.

Upo pia mkondo mwingine, wa vyama vya huduma vya watu wenye kazi na biashara zao. Kinachojulikana zaidi ni Rotary. Kilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakati mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na ndiyo asili ya jina lao, yaani kuzunguka. Mwanzoni walitafuta urafiki na biashara. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, walianza kudai mji wao ujenge vyoo vya umma, na huo ndio unaohesabiwa kuwa mradi wao wa kwanza wa kijamii. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaoona aibu kuzungumza habari za vyoo katika kikao cha watu wenye heshima.

Nairobi ilipata klabu ya Rotary mwaka 1930, na Dar es Salaam nayo ina klabu zake. Mahudhurio yalikuwa jambo la lazima: kwa miongo mingi kanuni ilidai kikao kila juma, na asiyehudhuria klabu yake alitakiwa kulipa deni hilo kwa kuhudhuria klabu nyingine. Mwaka 2016 kanuni ililegezwa, ikawa angalau vikao viwili kwa mwezi. Wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1989 tu, jambo la kushangaza kwa chama kinachojiita cha huduma. Matunda yake makubwa yanajulikana. Kuanzia mwaka 1985 Rotary ilijifunga kuutokomeza ugonjwa wa polio, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Wazee waliopo hapa wanawakumbuka wenzao wa shule waliotembea kwa magongo. Wajukuu wao hawajui ugonjwa huo unafananaje.

Pamoja na sifa hizo, chama cha namna ya Rotary hukutana ili kuwahudumia watu ambao kwa kawaida hawamo katika chumba cha kikao. Mtoto anayepata chanjo haketi mezani. Si kosa, maana asiye na kitu cha kutoa hawezi kuambiwa atoe. Lakini inasaidia kuelewa tofauti ya lililotokea Kurasini, ambako waliohitaji huduma na walioitoa walikuwa watu wale wale, wenye kijitabu kile kile.

Kurasini ni kata iliyo kando ya bandari. Mtu akisimama Mivinjeni au Shimo la Udongo husikia winchi za meli. Kwa miaka mingi waliishi humo wachukuzi wa bandarini, mama lishe, mafundi, wauza maji na wauza mkaa, wengi wao katika vyumba vya kupanga, chumba kimoja familia moja. Chumba kilikuwa kibaya, lakini kazi ilikuwa karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, na kwa maskini wa mjini nauli isiyolipwa ni sehemu ya mshahara.

Mwaka 2004 lilianzishwa shirika la Centre for Community Initiatives, lijulikanalo kwa kifupi kama CCI, na sambamba nalo shirikisho la wakazi maskini wa mijini, linaloundwa na vikundi vya akiba katika mitaa, wengi wa wanachama wakiwa wanawake. Vikundi hivyo vilijifunza kutoka kwa wenzao wa nchi nyingine, hasa kupitia mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni ulioanzishwa mwaka 1996, ambamo walikuwamo Wahindi, Waafrika Kusini na wengine, na baadaye Wakenya wa Muungano wa Wanavijiji. Njia yao ilikuwa akiba ya kila siku. Mkusanyaji hupita nyumba kwa nyumba na daftari; atakayetoa shilingi mia hupokelewa, na asiye na kitu huulizwa tu habari za nyumbani. Wapo waliocheka kwamba shilingi mia haijengi nyumba. Waliocheka hawakuona kwamba mkusanyaji, akirudi jioni, alikuwa ndiye mtu pekee katika mtaa mzima aliyejua nani anaumwa, nani amefukuzwa kazi, na nani ameanza kunywa.

Kisha ikaja habari ya upanuzi wa bandari. Kati ya mwaka 2007 na 2008 sehemu za Kurasini zilitakiwa kupisha, na watu zaidi ya 36,000 waliguswa na mpango huo. Kwa mujibu wa sheria, ambayo mzizi wake ni Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967, fidia ni ya mwenye mali. Mwenye nyumba alifanyiwa tathmini akalipwa, ingawa wengi walilalamika kwamba malipo hayakutosha kununua mahali palipolingana na pale. Mpangaji hakuwa na mali ya kutathminiwa. Alikuwa na kitanda, jiko, ndoo na watoto, na hivyo vyote vinabebeka. Aliambiwa ahame.

Hapa ndipo palipo na neno zito, nalo lisipitwe haraka. Mpangaji hakuwa amesahauliwa kwa bahati mbaya na karani mmoja mzembe. Hakuwamo katika hesabu tangu mwanzo, kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa ya nyumba, wala si ya watu. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka sura ya sita, ambapo wajane wa Kiyahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yao yakawa sababu ya kuchaguliwa watu saba wa kusimamia huduma hiyo. Yafaa kutazama kilichotangulia. Watu saba hawakuchaguliwa mpaka mtu fulani alipogundua kwamba kuna majina yanakosekana.

Shirikisho lilifanya kazi hiyo ya majina. Wanachama, wengi wao akina mama wenye elimu ya msingi, walipita mtaa kwa mtaa wakihesabu kaya, wenye nyumba na wapangaji pamoja, wakaandika idadi ya watu, kazi zao na muda waliokaa. Walioishi Kurasini wenyewe ndio waliohesabu, na kwa sababu hiyo hawakudanganywa kirahisi, wala hawakuogopwa. Kwa takwimu hizo mkononi waliweza kuzungumza na manispaa na wizara kama watu wenye hoja. Hawakuizuia bandari, ilipanuka. Fidia kwa wapangaji nayo hawakuipata. Lakini katika vikao vyao vya kila juma swali lilibadilika. Badala ya kuuliza nani atawapa ardhi, waliuliza ardhi inauzwa shilingi ngapi.

Ilipofika mwaka 2009, walikuwa wamekwisha kununua eka 30 Chamazi, kwa shilingi milioni 24, kwa nguvu ya akiba zao na mfuko wa shirikisho, kwa makusudi ya kuziweka kaya 300. Mtu akigawanya, atapata shilingi 80,000 kwa kila kaya. Kwa mama anayeweka shilingi 200 kila siku, hizo ni siku 400, yaani mwaka mmoja na mwezi mmoja na siku chache za kutokukosa. Hesabu hii haina ujanja wowote. Ugumu wake wote uko katika neno kutokukosa.

Walianzisha chama cha ushirika wa nyumba wakakiita Muungano. Chamazi ya wakati ule ilikuwa bado na mashamba, minazi na mikorosho, na barabara ya kuingilia iligeuka tope kila masika. Jambo la kwanza walilopambana nalo lilikuwa kipimo cha kiwanja. Kanuni za mipango miji ziliwazia kiwanja kikubwa, chenye nafasi ya bustani na gari. Kwa kipimo hicho eka 30 zisingetosha kaya 300. Ilibidi waiombe serikali ikubali viwanja vidogo zaidi, wakaonyesha kwa mchoro kwamba nyumba ndogo iliyopangwa vizuri, yenye njia, maji na choo, ni bora kuliko kiwanja kikubwa ambacho maskini hakifikii kamwe. Walikubaliwa. Huenda huo ndio ushindi mkubwa kuliko ununuzi wenyewe, kwa maana ardhi hununuliwa kila siku, lakini kanuni haibadilishwi kirahisi na watu wasio na tai.

Ujenzi ulikuwa wa hatua kwa hatua. Mtu alianza na chumba au viwili pamoja na choo, kwa mkopo wa mfuko wa shirikisho, akahamia, kisha akaongeza kadiri ya uwezo wake. Matofali walifyatua wenyewe. Wanawake walifundishwa uashi, wakashika mwiko na pima maji, na waume waliopita kutazama walijifunza kunyamaza. Kilichimbwa kisima kirefu, na maji yakasimamiwa na wakazi wenyewe. Maji taka hayakuachwa yatiririke njiani. Yalielekezwa katika bwawa lililopandwa mimea ya majimaji, ambayo huyasafisha kabla hayajaingia ardhini. Katika sehemu kubwa ya jiji letu, ambako nyumba za mamilioni ya fedha hufungulia vyoo vyao barabarani mvua inaponyesha, wapangaji waliofukuzwa Kurasini walijenga mfumo wa maji taka kabla ya kujenga uzio.

Sifa zinazowastahili wamepewa, tena na wageni kutoka mbali. Lakini haifai kuisimulia Chamazi kama hadithi ya muujiza. Chamazi iko kilomita zipatazo ishirini kutoka katikati ya jiji. Mchukuzi aliyekuwa akitembea hadi getini bandarini sasa alihitaji daladala mbili, kupitia Mbagala na Barabara ya Kilwa, na msongamano wake kila mtu anaujua. Mama lishe aliacha wateja wake nyuma. Baadhi ya wanachama walibaki wamepanga chumba karibu na mjini huku kiwanja chao Chamazi kikiota majani. Kwa miaka kadhaa nyumba zilizokamilika zilikuwa chache kuliko viwanja. Walioishi mbali hawakuweza kuhudhuria kikao cha juma, na palipo na utoro wa kikao hufuata utoro wa marejesho. Mikopo ikachelewa. Wakati huo huo mji uliwafuata: uwanja wa Azam ulifunguliwa mwaka 2010, watu wakamiminika, bei ya ardhi ikapanda. Mpangaji ambaye angetaka leo kurudia hesabu ile ya siku 400 angekuta kwamba zimekuwa miaka.

Mkurugenzi wa CCI, Tim Ndezi, aliandika mapema, mwaka 2009, katika jarida la Environment and Urbanization, juu ya mipaka ya juhudi za jamii katika suala hili la Kurasini. Ni jambo la heshima kwa kiongozi kuandika habari za mipaka wakati wengine wangali wanapiga makofi. Mipaka yenyewe iko wazi kwa yeyote mwenye kalamu. Hata kila kaya kati ya zile 300 ikihesabiwa kuwa na watu watano, ni watu 1,500. Walioguswa na uhamisho walikuwa zaidi ya 36,000. Basi waliolengwa na mradi wa Chamazi ni chini ya mtu mmoja katika kila ishirini. Hao wengine walikwenda wapi? Wengine Mbagala, wengine Yombo, wengine Tandika, wengine walirudi mikoani. Hakuna daftari la kuwajua wote. Kusifu juhudi za maskini ni vema, mradi sifa hizo zisigeuke kuwa ruhusa kwa wenye wajibu kukaa kando.

Na hapo ndipo habari hii inapoigusa nyumba hii. Sharika za pembezoni mwa jiji, kuanzia Chamazi na Mbande hadi zile za Kinondoni, zimejaa wapangaji. Wamo katika kwaya, wamo katika umoja wa wanawake, na wana namba za bahasha kama wengine. Mpangaji akihamishwa na mwenye nyumba kwa taarifa ya siku chache, bahasha yake hukaa bila kurudi, na baada ya muda jina lake hukatwa kwa wino mwekundu: amehama. Hakuna anayeuliza alihamia wapi, wala kwa nini. Kwa kipimo cha wale akina mama wa shirikisho waliopita nyumba kwa nyumba, daftari la namna hiyo lisingekubaliwa kusomwa katika kikao. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zingeweza kulifanya kazi hii vizuri, maana tayari hukutana kila juma na zinajua milango yote. Zikiandika tu ni nani amepanga, kwa nani, na tangu lini, usharika utakuwa na kitu cha kusema siku itakapokuja barabara mpya au bomba jipya, nayo yatakuja.

Jambo la pili ni la mahali. Vikundi vya akiba hukutana chini ya mwembe, barazani, au katika darasa la shule baada ya masomo, na mvua ikinyesha huahirisha. Kumbi za sharika nyingi hukodishwa Jumamosi kwa arusi, na Jumatano alasiri hufungwa. Kikundi cha watu thelathini hakihitaji mapambo wala vipaza sauti. Chahitaji benchi, meza moja na saa mbili. Kisidaiwe kuwa cha Walutheri watupu, kwa sababu katika mitaa yetu Mwislamu na Mkristo huzikana, na upatu haujawahi kuuliza dini. Wala mchungaji akialikwa asipewe uenyekiti. Akae benchini, alipe faini akichelewa.

Baraza la Wazee linakutana baada ya wiki ya jubilei. Maombi hayo mawili, yaani daftari la wapangaji katika jumuiya na ukumbi wa alasiri ya Jumatano, yamekabidhiwa kwa katibu kwa maandishi. Kinachoombwa ni kwamba yawekwe katika ajenda kama kipengele chenye namba yake, wala yasiachwe hadi Mengineyo, wakati wazee wamekwisha kuanza kutazama saa na wengine wameshika kofia zao mkononi.